Mbebwa Hujikaza, Asiyebebwa Je?

Tuanze na neno tunalolitumia kila siku bila kulichunguza: mgeni. Kwenye matangazo ya sinema utalikuta limevalishwa nguo za sikukuu: "sura mpya", "stelingi mpya", "kwa mara ya kwanza". Swali langu ni dogo, ila limeninyima raha kwa muda mrefu. Mtu anayeingia katika nyumba aliyoijenga baba yake, ni mgeni kweli? Na kama si mgeni, ana kosa gani?

Nalijadili swali hili kwa picha mbili za ngumi na mbio kutoka Kerala. Wengi wetu tukisikia "picha la Kihindi" akili inakimbilia Mumbai. Lakini India ina viwanda vingi vya sinema, na Kerala, jimbo jembamba la pwani ya kusini-magharibi, lina chake. Watu wake husema Kimalayalam. Jamaa zetu walioko Muscat na Dubai wanawajua vizuri, kwa kuwa wanafanya nao kazi. Nimelichagua jimbo hili kwa sababu habari za waigizaji wake zinaingiliana kama za ukoo mmoja. Ukivuta uzi mmoja, nguo nzima inakuja.

Picha ya kwanza ni Angamaly Diaries ya mwaka 2017, iliyoongozwa na Lijo Jose Pellissery. Angamaly ni mji ulio karibu na Kochi. Vijana wa mtaani wanataka kuwa wababe kama kaka zao waliowatangulia. Wanaingia katika biashara ya nyama ya nguruwe, ugomvi unazaa ugomvi, mtu anakufa, na maisha yanageuka deni. Stelingi ni Antony Varghese, kijana ambaye watazamaji walikuwa hawamjui kabisa. Wala hakuwa peke yake, maana picha nzima ina waigizaji wapya 86. Mwishoni, usiku wa sikukuu ya kanisa, kamera inafuata mkasa kwa dakika 11 bila kukata, katikati ya umati wa watu kama elfu moja. Mmoja akiharibu dakika ya kumi, wote mnarudi mwanzo.

Picha ya pili ni Aadhi ya mwaka 2018, ya mwongozaji Jeethu Joseph. Kijana anayeota kuwa mtunzi wa muziki anakwenda Bengaluru. Ukumbini unazuka ugomvi, mtoto wa tajiri anakufa, na Aadhi anaanza kusakwa. Kuanzia hapo ni mguu niponye: anaruka kuta, anavuka mapaa, anapenya palipoonekana hapana njia, kwa ule mchezo ulioanzia Ufaransa unaoitwa parkour. Stelingi ni Pranav Mohanlal, na hapo kwenye jina la pili ndipo maneno yanapoanza. Mohanlal, baba yake, ni mmoja wa waigizaji wawili wanaohesabiwa vigogo wa sinema ya Kimalayalam tangu miaka ya 1980. Ndiye aliyekuwa stelingi wa Drishyam ya mwaka 2013, picha iliyompandisha chati mwongozaji huyo huyo. Mtayarishaji wa picha zote mbili ni mmoja, Antony Perumbavoor, ambaye safari yake ilianzia kwenye udereva: alikuwa dereva wa Mohanlal. Hata baba mwenyewe anaonekana kidogo ndani ya Aadhi, kama mzazi anayemsindikiza mwanawe siku ya kwanza ya shule.

Najua kijiweni kwetu watasemaje. Watasema: "Undugunaizesheni mtupu!" Nao hawajakosea sana. Kuna kichekesho kichungu hapa. Ndani ya picha, nguvu za baba tajiri ndizo zinazomkimbiza kijana. Nje ya picha, nguvu za baba ndizo zilizomfikisha mbele ya kamera.

Lakini tusihukumu haraka. Wahenga wana jibu la kumtetea Pranav: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Kijana huyu alikwisha kuigiza utotoni, na kwa picha ya Punarjani alipata tuzo ya jimbo ya mwigizaji mtoto. Mwaka 2015 alikuwa msaidizi wa Jeethu Joseph, yaani alivukuta kabla ya kusana. Tena parkour alijifunza kweli, akaruka mwenyewe. Hapa ndipo picha ya ngumi na mbio inapokuwa mwalimu mzuri kuliko picha ya mapenzi. Machozi yanaweza kusaidiwa na muziki na taa, lakini ukuta wa futi nane haumuulizi mtu ni mtoto wa nani. Mbebwa hujikaza, nasi tumemwona akijikaza.

Utetezi huo naukubali nusu. Nusu nyingine inanikwama kooni, na sababu yake iko nyuma, mwaka 1980.

Mwaka huo ilitoka picha iitwayo Manjil Virinja Pookkal. Mwongozaji alikuwa Fazil, na hiyo ndiyo ilikuwa picha yake ya kwanza. Alitafuta sura mpya, na kijana mmoja wa Thiruvananthapuram akaitwa kwenye usaili baada ya rafiki zake kupeleka maombi. Waamuzi hawakukubaliana: wengine walimpa alama za juu mno, wengine alama za aibu. Kijana huyo ni Mohanlal. Akapewa nafasi ya adui, si ya stelingi. Tusidanganyane, hakuwa mlalahoi, kwa kuwa baba yake alikuwa ofisa mkubwa wa serikali. Ila ndani ya sinema hakuwa na baba wala mjomba. Mgeni njoo, mwenyeji apone: sinema ya Kimalayalam ilimpokea mgeni ambaye nusu ya waamuzi hawakumtaka, ikapona kwa zaidi ya miaka 40.

Sasa mfuate Fazil, yule aliyemfungulia mlango mtu asiyejulikana. Mwaka 2002 naye alimleta mwanawe, Fahadh Faasil, awe stelingi wa picha yake Kaiyethum Doorath. Picha ikaanguka chini puu. Kijana akaenda Marekani kusoma. Baadaye alisema hadharani kwamba baba yake asilaumiwe, yeye ndiye aliyeingia bila kujiandaa. Mwaka 2009 akarudi kwa nafasi ndogo katika Kerala Cafe. Mwaka 2011 alionekana katika Chaappa Kurishu, watu wakaanza kuulizana kama ni yule yule. Mwaka 2018 alishinda tuzo ya taifa ya India ya mwigizaji msaidizi bora. Leo ukiwauliza wapenzi wa sinema wakutajie waigizaji hodari wa India nzima, mara nyingi jina lake halikosi.

Tukiwa wakali, tukasema watoto wa wakubwa wote watoke nje, Fahadh tungempoteza. Ndiyo maana nasema undugunaizesheni, kama shtaka, hautufikishi mbali. Unalalamikia mlango wa kuingilia wakati jambo kubwa liko kwenye mlango wa kurudia. Fahadh alianguka mbele ya watu wote, akakaa miaka saba, akarudi, na mlango ukamtambua. Hebu jiulize kwa haki kabisa: kama angekuwa mtoto wa mvuvi wa Alappuzha, nani angemkumbuka baada ya miaka saba? Jina la baba halikumfundisha kuigiza. Lilimlindia kiti mpaka alipojifunza.

Kuna mwanamke ambaye habari yake iko kinyume kabisa na hii. Karibu na mwaka 1930, J. C. Daniel alionyesha picha ya kwanza kutengenezwa Kerala, Vigathakumaran, isiyo na sauti. Mwigizaji mkuu wa kike alikuwa P. K. Rosy. Alikuwa Mdaliti, yaani mtu wa tabaka lililobaguliwa na kuitwa la wasioguswa, na katika picha aliigiza mwanamke wa Kinair, tabaka la juu. Wenye tabaka lao walighadhibika. Wakamwandama mpaka akaukimbia mji kuelekea upande wa Watamil, na sinema haikumwona tena. Picha yenyewe imepotea. Hatuwezi hata kukaa tukasema aliigiza vizuri au vibaya. Tangu mwaka 1992 Kerala inatoa tuzo ya heshima kwa jina la Daniel, ambaye naye picha hiyo ilimfilisi. Rosy alingoja muda mrefu zaidi hata kutajwa tu.

Waweke hawa wawili sawia. Fahadh alishindwa, akarudi. Rosy hakupewa hata nafasi ya kushindwa. Kosa lake halikuwa kuigiza vibaya, kosa lake lilikuwa kuonekana. Hapo ndipo nilipoanza kuuelewa ule ukuta wa Aadhi kwa namna nyingine. Ni kweli ukuta hauulizi jina. Lakini chini ya ukuta, wakati wa kupiga picha, kuna godoro, na kuna watu waliolitandika. Mwenye godoro anaweza kujaribu mruko mara kumi. Asiye na godoro anaruka mara moja tu, na akivunjika mguu tunasema, "Tuliwaambia, hana kipaji."

Utaniambia: bwana wee, sinema ni fedha. Nani atamwaga fedha kwa watu wasiojulikana, tena awasubiri waanguke na kuinuka? Hoja ni nzito, siidharau. Ila tazama tena Angamaly. Pellissery mwenyewe alikuwa ametoka kuanguka: mwaka 2015 picha yake Double Barrel, iliyojaa waigizaji wenye majina, ilikataliwa na watazamaji. Wengi baada ya hapo wangetafuta jina kubwa zaidi la kujifichia. Yeye alifanya kinyume. Alichukua hadithi iliyoandikwa na mwigizaji mzoefu, Chemban Vinod Jose, akawakusanya wageni 86. Wakiwa wengi hivyo, hakuna anayebeba mzigo peke yake, na aliyeteleza anashikwa na mwenzake. Kwa maneno mengine, wasiokuwa na baba ndani ya sinema walifanywa ukoo. Mtu aliyekuwa ametoka kupewa nafasi ya pili aligawa nafasi za kwanza 86. Sijui kama alikuwa na nia hiyo, lakini matokeo ndiyo hayo. Na Antony Varghese hakuishia hapo. Mwaka 2019 alikuwa katika Jallikattu ya mwongozaji huyo huyo, picha iliyotokana na hadithi fupi ya mwandishi S. Hareesh, na ndiyo iliyopelekwa na India kuwania Oscar mwaka 2020.

Nimeitaja hadithi fupi kwa makusudi, maana wengi mnaosoma kurasa hizi mnaziandika. Mambo haya si ya Kerala tu, jamani. Nawajua vijana wawili wenye umri mmoja. Wa kwanza, msichana, alipeleka hadithi kwa mhariri mmoja hapa mjini, ikarudishwa bila neno hata moja juu yake. Hakuandika tena. Sasa anauza vocha, na ukimuuliza habari za kuandika anacheka tu. Wa pili, baba yake ana kiwanda kidogo cha uchapaji. Alirudishiwa hadithi mara nne na mhariri huyo huyo, kila mara wakikaa na kunywa chai na kuelezana wapi pamelegea. Ya tano ikachapwa. Nimeisoma. Ni nzuri kweli, siwezi kumwonea kijana wa watu, kwa kuwa amejikaza. Lakini kila nikiisoma naifikiria hadithi ya tano ya yule msichana, ambayo haipo popote.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Mtoto wa mwenye nyumba si mgeni, na kumwita mgeni ni kumdanganya yeye na kutudanganya sisi. Lakini kubebwa si dhambi yake. Dhambi ni ya wenye nyumba, sisi tunaoshika funguo, hata kama ni funguo ndogo tu za gazeti la kurasa chache kama hili. Hatuwezi kumpa kila mtu baba. Tunaweza kugawa kile ambacho baba hutoa, nacho si siri: ni muda, ni maelezo, na ni kungojwa.

Napendekeza basi, na nitawaomba wenzangu wa gazeti tulijadili kwenye mkutano ujao, kwamba hadithi yoyote tunayoirudisha irudi na mambo matatu yaliyoandikwa kwa mkono: mahali ilipotushika, mahali ilipotupoteza, na mwezi ambao tutaingoja nyingine kutoka kwa mtu huyo huyo. Kazi itaongezeka, najua. Sisi ni wachache, na wengine tunasoma miswada usiku baada ya vibarua. Lakini wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huwezi kumpa jembe mtu uliyemfukuza siku ya kwanza.