Unyevu Chini ya Marumaru

Bafu lilipokuwa nje ya nyumba, uzio wa mabua na mawe ya kukanyagia, maji yalikimbilia migombani na kosa la fundi likakaushwa na jua. Siku hizi, hata katika kata kama Nyololo wilayani Mufindi, anayejenga hutamani chumba masta, na kati ya bafu na kitanda hubaki ukuta mmoja wa tofali za kuchoma. Tofali hizo hunyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta. Marumaru peke yake hazisaidii, kwa kuwa maji hupenya kwenye viungio vyake. Kinachoyazuia ni dawa inayopakwa juu ya sakafu yenye mteremko, ikapandishwa ukutani, kisha ikafunikwa isionekane tena. Mwenye nyumba akisema dawa iachwe, ziwekwe marumaru tu, fundi aliyetii ana hatia?

Wengi watajibu hana: mwenye mali ameridhia, na aliyeridhia hana dai. Sawa, kama nyumba ingekuwa na mtu mmoja milele. Lakini atakayelala upande wa pili wa ukuta unaoota ukungu huenda ni mtoto, mpangaji au mnunuzi, na hao hakuna aliyewauliza. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume Muhammad alitia mkono ndani ya lundo la chakula, vidole vikakuta majimaji. Muuzaji alijitetea kuwa ni mvua. Hakulaumiwa kwa kunyeshewa. Aliulizwa kwa nini kilicholowa hakukiweka juu watu wakione. Mambo ya Walawi, sura ya 14, nayo inamtaka mwenye nyumba aliyeona madoa ukutani aende mwenyewe kumwambia kuhani. Nyumba hufungwa siku saba, na doa likienea mawe yake hung'olewa na lipu kukwanguliwa. Sheria zote mbili zinauvumilia unyevu kuliko zinavyovumilia kuuficha.

Kwa hiyo umaskini wa mwenye nyumba si kosa. Sakafu ya saruji tupu ni bafu la haki: ikipasuka, ufa unaonekana. Hatia huanza pale marumaru zinapoahidi kwa kung'aa kwake kitu ambacho hakipo chini yake. Yupo atakayesema kila kizuizi huchoka, iwe leo au baada ya miaka 20. Ni kweli, ila kuchoka si kudanganya, na kuna kipimo kinachotenganisha mambo hayo: ziba tundu la maji, jaza maji sakafuni, yaache saa 24 kabla ya kubandika chochote, na mwenye nyumba awepo kuyatazama. (Maji yenyewe hayana aibu ya kusema.) Pingamizi zito zaidi ni la tumbo: fundi akisema yote, kazi itakwenda kwa mwenzake anayenyamaza. Hasara hiyo ipo, na sioni namna ya kuifuta. Ila bado ana la kumwambia mteja: hela ya marumaru inunue dawa mwaka huu, marumaru zisubiri mavuno mengine.