Ngao ya Rafiki

Yako maswali ya maadili ambayo huwa mepesi siku za amani na mazito siku za vita. Kumsaidia rafiki ni jambo jema. Hapana mtu aliyelelewa vyema atakayelikana hilo. Lakini je, mtu aliyemkinga rafiki yake kwa ngao yake yu huru kuiondoa ngao hiyo wakati mishale ingali ikianguka? Na yule aliyekingwa, ana haki ya kuidai? Msomaji, usijibu upesi. Swali hili limeulizwa katika miji mikubwa ya dunia, lakini zamani kabla ya hapo liliulizwa Kitui, na aliyeulizwa nusura alipe kwa roho yake.

Kivoi alikuwa mfanyabiashara mashuhuri wa Ukambani katika karne ya 19. Misafara yake ilichukua pembe za ndovu hadi pwani, na jina lake lilijulikana Mombasa. Mwaka 1849 alimpokea kwake Kitui mgeni kutoka Rabai, mmisionari Mjerumani aliyeitwa Johann Ludwig Krapf, na ni katika safari hiyo ndipo Krapf alipouona Mlima Kenya kwa mbali, tarehe 3 Desemba. Mwaka 1851 Krapf alirudi, na Kivoi akafuatana naye kwenda Mto Tana. Kabla hawajafika mtoni walivamiwa na wanyang'anyi. Wakamba walikuwa na pinde na mishale ya sumu. Krapf alikuwa na bunduki. Ameandika mwenyewe kwamba aliipiga mara mbili, lakini juu hewani, kwa kuwa moyo wake haukumruhusu kumwaga damu ya mwanadamu. Kivoi aliuawa, watu wake wakatawanyika, na Krapf akakimbilia porini peke yake. Alipoufikia mto alikunywa, kisha akatia maji katika mtutu wa bunduki na katika mfuko wa ngozi wa darubini yake, maana hakuwa na chombo kingine. Bunduki ile ikawa kibuyu.

Aliporejea kijijini kwa Kivoi alikuta hasira. Jamaa za marehemu walimtupia lawama za kifo kile, na maisha yake yakawa hatarini hata ikambidi atoroke usiku.

Wengi wetu tukisoma habari hii huwaona jamaa wale kuwa watu wasio na haki. Krapf hakumwua Kivoi. Yeye ndiye aliyekuwa mgeni, na desturi zetu humpa mwenyeji kazi ya kumlinda mgeni, wala si kinyume chake. Kadhalika dhamiri ilimkataza kuua, na dhamiri ya mtu si kitu cha kudharauliwa. Hayo yote ni kweli. Hata hivyo naona kuwa jamaa wale walikuwa wameushika mkia wa jambo kubwa. Mtu atembeaye kando ya mwenye bunduki huipanga safari yake kwa kuitegemea bunduki ile, hata kama hapana neno lililosemwa. Huthubutu kupita njia ambayo peke yake pengine asingeipita. Ikiwa mwenye bunduki amekwisha kukata shauri moyoni kwamba hatampiga mtu, yampasa kulisema hilo nyumbani, kabla ya mizigo kufungwa, ili mwenzake apate kuchagua: aende, asiende, au atafute wapiga mishale zaidi.

Sasa tuichukue hoja hiyo tuipeleke mbali. Mwaka 1994 nchi ya Ukraine ilikubali kuziacha silaha za nyuklia zilizobaki katika ardhi yake baada ya Muungano wa Sovieti kuvunjika. Marekani, Uingereza na Urusi zilitia saini mjini Budapest, zikaahidi kuiheshimu mipaka yake. Tarehe 24 Februari 2022 mmoja wa watia saini hao, Urusi, aliivamia kwa majeshi yake ya nchi kavu, ya majini na ya angani. Tangu Oktoba mwaka huo makombora na ndege zisizo na rubani zilielekezwa kwa wingi kwenye vituo vya umeme, ili watu wa mijini wakae gizani katika majira ya baridi kali.

Kinga ya mashambulizi ya namna hiyo ni ulinzi wa anga. Rada hukiona kitu kinachokuja, mitambo huipima njia yake, na kombora hurushwa likutane nacho kabla hakijafika. Mitambo ya Patriot kutoka Marekani na Ujerumani ilifika Ukraine mwezi Aprili 2023, baada ya askari wa huko kufundishwa kuitumia. Kombora lake moja hugharimu dola milioni kadhaa. Mshale uliokosa waweza kuokotwa nyasini ukatumiwa tena; kombora hili likisharushwa limekwisha. Basi mwenye ngao ya aina hii hana ngao ila kwa kuletewa mara kwa mara, wala nchi iliyo vitani haiwezi kujitengenezea nyingine kwa siku chache. Zaidi ya hayo, watu wanaojua kuwa wamekingwa hubaki mjini na watoto wao, hufungua shule na hospitali, huwasha viwanda. Ngao hiyo ikiondolewa ghafula, hawarudi pale walipokuwa kabla ya kupewa. Huwa katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu waliamini.

Kuanzia mwisho wa 2023 wabunge wa Marekani walibishana kwa miezi mingi juu ya fedha za msaada. Tarehe 11 Aprili 2024 kituo cha umeme cha Trypilska, karibu na Kyiv, kilishambuliwa. Rais Zelensky alieleza baadaye kuwa makombora 11 yalikuja; 7 yakaangushwa, na 4 yakafika, kwa sababu makombora ya kukikinga kituo yalikuwa yamekwisha. Kituo kiliteketea. Siku 13 baada ya moto huo sheria ya msaada ilitiwa saini. Mwezi Machi 2025 serikali iliyofuata ilisimamisha msaada wa kijeshi kwa muda wa wiki moja hivi, kisha ikaurudisha.

Lakini tusiharakishe kumhukumu mtoaji. Ukambani wenyewe waujua uzito wa kutoa. Katika Vita vya Pili vya Dunia vijana wengi wa Kitui na Machakos waliingia katika jeshi la King's African Rifles (Makueni ilihesabiwa ndani ya Machakos hadi mwaka 1992), na mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki walipigana katika misitu ya Burma, wakiilinda nchi ya watu wasiowajua. Walioahidi msaada huo walikaa London. Walioutimiza walitoka katika vijiji vyetu, na hawakuombwa ushauri. Ndivyo ilivyo hata leo: bunge likitoa makombora hutoa jasho la mkulima na fundi, nao wana haki ya kuuliza yanakokwenda na mpaka lini.

Tena si kila aombaye ngao astahili kupewa. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, yakaua na kupora. Tanzania ilipojibu, Libya ilimsaidia Amin kwa silaha na askari. Mwezi Machi 1979 ndege ya Libya ilitumwa kuupiga mji wa Mwanza. Mabomu yakakosa shabaha, yakaanguka katika hifadhi ya wanyama ya Saanane, na waliokufa ni wanyama. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili mwaka huo. Libya ilidumu na rafiki yake karibu hadi mwisho, lakini nani atauita udumifu ule wema? Ilikuwa ikimtetea mvamizi.

Yuko atakayesema kuwa ngao hurefusha vita, na kuwa anayeipeleka hurefusha maombolezo. Hoja hii ina nguvu kwa upande wa mikuki, maana mkuki huenda kwa adui nao huita mkuki mwingine. Kwa upande wa ulinzi wa anga naiona dhaifu. Kombora lililokutana na kombora jingine juu ya mji halikumwendea mtu nyumbani kwake. Vita vingekwisha mapema bila hilo, naam, kama vile ugomvi unavyokwisha mmoja akinyongwa.

Kwa maoni yangu, mwenye ngao yu huru kabisa siku ya kwanza. Aweza kukataa, aweza kuweka masharti, na mwombaji akayapima. Uhuru huo hupungua kila siku ambayo mwenzake hupanga maisha yake kwa kuitegemea ngao ile. Akichoka, au watoto wake wakiwa na njaa, amwambie mapema, ampe nafasi ya kutafuta kinga nyingine.

Pengine mwanafunzi wa Makueni atasema kuwa mambo ya angani hayamhusu. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Makueni. Hakuna aliyeumia. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kuwa ni kipande cha roketi. Uko mkataba wa mataifa wa mwaka 1972 usemao kwamba nchi iliyorusha chombo angani italipa hasara yoyote kitakayoleta kikianguka duniani, ijapokuwa haikukusudia. Kwa chuma kinachoanguka kwa bahati mbaya, mataifa yamekwisha kuandikiana. Kwa ngao inayoondolewa kwa kukusudia, bado hayajaandika mkataba wa namna hiyo. Wewe msomaji, ukipewa kalamu uuandike, utaweka miezi mingapi kati ya siku ya onyo na siku ya kuondolewa?