Kujua na Kujifanya Hujui

Nina udhaifu mmoja ambao wanafunzi wangu wa zamani hucheka wakiugundua. Napenda mno mchezo wa televisheni wa Kimarekani uitwao Columbo. Wao walinijua kwa kengele, daftari la mahudhurio na makaripio ya asubuhi. Hawategemei kunikuta jioni nimetulia kitini nikimfuatilia mpelelezi mwenye koti la mvua lililokunjamana. Mke wangu alikuwa mtu wa Isidingo, na miaka ile ITV ilipokuwa ikiionyesha, sebule ilikuwa yake. Mimi nilichelewa. Lakini sisi wa Bara tulichelewa sote, kwani wenzetu wa Zanzibar walipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, nasi tukangoja hadi 1994. Columbo nilimfahamu baadaye zaidi, kijana wangu aliponiletea deki na boksi zima la diski, akisema, "Mzee, huyu bwana anafanana nawe." Alidhani ananitania tu.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, nieleze kidogo. Katika hadithi nyingi za upelelezi tunafichwa muuaji mpaka ukurasa wa mwisho. Humu tunaonyeshwa mapema kabisa. Tunamwona anaua, anafuta alama za vidole, anarudi kwenye karamu yake kana kwamba alikuwa ametoka kupunga upepo. Ndipo anapoingia luteni wa polisi wa Los Angeles, Columbo, ambaye Peter Falk alimwigiza tangu 1968 hadi 2003 katika sehemu 69. Falk, aliyefariki mwaka 2011, alipoteza jicho la kulia akiwa na umri wa miaka 3, na ule mtazamo wake wa upande upande humfanya luteni aonekane mtu asiyejua aendako. Gari lake ni Peugeot 403 iliyochakaa. Anamsimulia kila mtu habari za mkewe ambaye sisi hatumwoni kamwe. Anamsifu muuaji kwa akili yake, anamwomba amsaidie kufikiri, anaaga, anafika mlangoni, kisha anageuka: kuna jambo moja dogo amelisahau.

Yote hayo ni hila. Columbo kwa kawaida amekwisha kumshuku mtu wake tangu walipopeana mikono, na ujinga wake ni nyavu.

Sehemu niipendayo kuliko zote ilitoka mwaka 1973, na jina lake ni Any Old Port in a Storm. Donald Pleasence anaigiza Adrian Carsini, bwana ambaye maisha yake yote ni mvinyo. Mdogo wake wa baba mmoja, mwenye mali, anataka kuliuza shamba la mizabibu. Carsini anampiga, anamfungia ndani ya ghala la chupa, anazima mtambo wa kupoza hewa na kusafiri kwenda New York. Sasa tazama jinsi anavyonaswa. Wakati hayupo, joto kali lilipiga, na mvinyo wote ghalani ukaharibika. Columbo, ambaye kwa siku kadhaa amejifundisha mambo ya mvinyo, anachukua chupa moja humo na kufanya mpango iletwe mezani katika chakula cha jioni alichomwalika Carsini. Bwana yule anaonja, anafoka mbele ya watu wote kwamba kinywaji kimeungua. Ulimi wake hodari ndio unaomtia hatiani. Mwishoni wawili hawa wanakaa ndani ya gari na kunywa pamoja chupa nzuri aliyoileta Columbo. Hakuna chuki. Nimeitazama mara nyingi, na kila mara nafurahi, na kila mara furaha hiyo ina doa. Doa hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mwaka 1984 nilikuwa mkuu wa shule moja ya bweni. Wakumbukao wanajua miaka ile ilivyokuwa: sukari kwa kibali, sabuni kwa foleni, na kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi ingali masikioni mwa watu. Mtunza stoo wetu alikuwa mzee kunizidi, mtu mpole, mwenye familia kubwa. Siku moja nilipima sukari mwenyewe, nikakuta upungufu wa kilo 6. Ufunguo ulikuwa wake peke yake. Nilijua papo hapo.

Ningeweza kumwita jioni ile. Badala yake nilifunga mdomo kwa siku 16. Nilimwomba anifundishe jinsi ya kujaza leja, nikijifanya kwamba hesabu za stoo zinanipiga chenga. Nilimsifu kwa uaminifu wake mbele ya walimu. Nilitia alama ndogo ya wino chini ya mshono wa kila gunia. Na Jumapili moja nilipita nyumbani kwake, nikakaribishwa chai, nayo ilikuwa tamu. Nilijua sukari ile imetoka wapi, nikanywa vikombe viwili na kumshukuru mkewe.

Usiku wa siku ya 16 nilimkuta, pamoja na walimu wawili nilioambatana nao, akitoa gunia zima. Alishtakiwa, akapoteza kazi, akafungwa. Mimi nilipewa barua ya pongezi. Alichosema usiku ule hakikuwa utetezi wala matusi. Aliuliza: "Mwalimu, umejua tangu lini?" Nikajibu kwa fahari kwamba nimejua tangu siku ya kwanza. Akasema, "Mbona basi hukuniambia?"

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu: nilihitaji ushahidi. Jibu hilo si la uongo. Mtu hawezi kuhukumiwa kwa kuwa mkuu wa shule ana hisia, na bila subira wajanja wote wangeponyoka. Columbo naye angejitetea hivyo hivyo. Lakini nikiwa mkweli, ushahidi wa kilo 6 ulitosha kumwonya mtu, hata kama haukutosha kumfunga. Kilo 6 zingerudishwa kwa kukatwa mshahara. Lile gunia lilizaliwa ndani ya zile siku 16, nami nikiwa mlezi wake. Na kuna jambo baya zaidi, ambalo sikulikiri hata kwa mke wangu mpaka tulipozeeka. Nilikuwa nafurahia. Nilijiona mwerevu. Kila asubuhi niliamka na hamu ya kuona amechukua kiasi gani.

Je, anayejua na kunyamaza ana fungu lake katika uovu unaotendeka katika kimya chake? Nadhani analo, ingawa si sawa na la mtenda. Itazame sehemu ya mwaka 1971, Murder by the Book, iliyoongozwa na Steven Spielberg akiwa kijana wa miaka 24. Mwandishi mmoja wa riwaya anamuua mshirika wake. Mama mmoja mwenye duka anajua siri, anadai fedha, naye anauawa. Wakati huo mpelelezi amekwisha kuanza kumzunguka muuaji taratibu, kwa adabu zake na maswali yake madogo madogo. Simlaumu Columbo kwa kifo cha yule mama, hakumfahamu. Walakini sehemu nyingi za mchezo huu zina mtu wa pili anayekufa wakati mchezo wa paka na panya ukiendelea, na sisi watazamaji hatumlilii sana, maana tumeshughulika kushangilia werevu wa paka.

Waliomtunga Columbo, Richard Levinson na William Link, walikiri kwamba baba yake ni Porfiry, yule hakimu mpelelezi katika riwaya ya Dostoevsky ya mwaka 1866 kuhusu mwanafunzi aliyemuua bibi mkopesha fedha. Niliisoma kwa Kiingereza tukiwa chuo cha ualimu, sikuielewa, nimeirudia uzeeni. Porfiry naye hucheza, huzungukazunguka, hucheka ovyo. Lakini kabla ya mwisho anakwenda chumbani kwa kijana yule na kumwambia waziwazi kwamba muuaji ni yeye, kisha anamshauri ajisalimishe mwenyewe ili adhabu ipungue. Anahatarisha kesi yake. Mkosaji anaachiwa mlango wa kutokea akiwa bado mtu. Nilipofika ukurasa huo niliweka kitabu chini, nikaenda kutembea.

Msomaji asidhani nilipata dawa. Miaka mingi baada ya lile gunia, katika shule nyingine, niligundua mwalimu mmoja anakula ada za wanafunzi. Nilimwita siku ile ile, nikamwambia ninachokijua. Alilia, akarudisha fedha zote kufikia Ijumaa, nami nikanyamaza mbele ya wakubwa. Alihamishwa kwa utaratibu wa kawaida, na huko alikohamia alikula zaidi, ada za watoto ambao wazazi wao hawakunijua wala hawakujua kwamba kuna mtu aliyewahi kumshika. Huko nako nilikuwa najua, na kimya kilikuwa changu.

Yule mzee wa stoo nilikutana naye tena mwaka 1991, kituo cha basi. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwalimu," kwa sauti ya kawaida kabisa. Tulizungumza habari za mvua na nauli. Basi langu lilipoita abiria, alinishika mkono, akauliza jambo moja tu: ile Jumapili nilipokunywa chai kwake, nilikuwa najua?

Nikamwambia ndiyo.

Alifikiri kidogo. "Mama watoto alikuwa akiikumbuka sana siku ile," akasema. "Sikumwambia."

Nikapanda basi.