Ijengeni Ndege ya Njoro

Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936, ndege ndogo ya injini moja iliruka kutoka Abingdon, Uingereza, ikaelekea magharibi juu ya Atlantiki huku upepo ukiipiga usoni. Ndani alikuwa mtu mmoja tu: Beryl Markham, mwanamke aliyekulia Njoro kwenye shamba la baba yake, mfunzaji wa farasi. Baada ya takriban saa 21 angani, barafu iliziba matundu ya kupumulia ya tangi, injini ikakosa mafuta, naye akaishusha ndege kwenye kinamasi cha Baleine, Cape Breton, Kanada. Hakuna mwanamke aliyekuwa amevuka bahari hiyo peke yake kutoka Uingereza kwenda Amerika Kaskazini kabla yake. Na ubavuni mwa ndege hiyo ziliandikwa herufi VP-KCC. VP-K ilikuwa alama ya ndege zilizosajiliwa Kenya enzi za ukoloni, kabla hatujapata 5Y yetu ya leo.

Nawaambia vijana wa Nakuru, Njoro, Molo, Gilgil na Naivasha: ijengeni ndege hiyo. Ijengeni kwa plastiki, kubwa, ya kujaza meza ya kusomea, na ijengeni sawasawa, kiasi kwamba rubani mzee akiikagua asipate pa kuitia kasoro.

Ndege yenyewe ni Percival Vega Gull. Kutoka ncha ya bawa moja hadi nyingine ilikuwa na mita 12.04. Ukichagua skeli ya 1/24, gawanya kwa 24, unapata sentimita 50 na milimita 2. Ukichagua 1/32, unapata sentimita 37 na nusu hivi. Kampuni ya Dora Wings ya Ukraine imewahi kuitoa kwa skeli ya 1/72, yaani chini ya sentimita 17, na ni kazi nzuri kwa wenye macho makali na nafasi ndogo. Lakini skeli kubwa ndiyo shule. Viwanda vikubwa huziwekea skeli kubwa ndege zinazouzika dunia nzima: Airfix ilitoa Spitfire ya 1/24 mwaka 1970, Tamiya ikatoa yake ya 1/32 mwaka 2009, na wapenzi wa kazi hii bado wanazisifu. Ndege iliyobeba herufi za Kenya itawangoja nyinyi. Msisubiri sanduku kutoka Japani.

Kwa nini nasisitiza ukubwa? Kwa sababu ukubwa hauna huruma. Kwenye modeli ndogo, rangi nzito hufunika makosa na jicho husamehe. Kwenye 1/24, milimita moja ni sentimita 2.4 za ndege halisi. Chukua ukingo wa nyuma wa bawa. Ukiuacha na unene wa milimita moja, umeipa ndege yako ukingo mnene kama ubao wa rafu, ilhali ule halisi ulikuwa mwembamba na umechongoka. Basi chukua msasa, kwanza wa chembe kubwa, kisha laini, kisha laini zaidi ukiwa umelowa maji, na usugue upande wa chini wa bawa, si wa juu, ili umbo la juu lisiharibike. Sugua, inua kwenye mwanga wa dirisha, angalia. Plastiki nyeupe ikianza kupitisha mwanga ukingoni, umefika. Hiyo ni kazi ya alasiri nzima kwa bawa moja, na mkono wako hautatoka pale ukiwa ule ulioingia nao.

Usahihi huanza na kuuliza ndege ilitengenezwa kwa nini. Vega Gull ilikuwa ya mbao, iliyovikwa kitambaa. Haikuwa na safu za ribiti kama Spitfire. Kijana aliyezoea picha za ndege za vita atashawishika kuchora mistari ya mabati na vitone vya ribiti kila mahali ili modeli ionekane ya kitaalamu, na hapo ndipo atakuwa ameikosa kabisa. Ndege hii inataka ngozi laini. Injini yake, Gipsy Six, ilikuwa na silinda sita zilizopangwa mstari mmoja na kuelekezwa chini, ndiyo maana pua ni nyembamba na rubani anaona mbele vizuri. Ukiipa pua mviringo mnene, umejenga ndege nyingine. Magurudumu hayakukunjwa, yalifunikwa kwa vifuniko virefu vilivyochongwa kupunguza ukinzani wa hewa. Na mabawa yake yaliweza kukunjwa kuelekea nyuma ili ndege iingie kwenye banda dogo, kwa hiyo kuna mshono halisi pale bawa linapokutana na bodi. Huo mshono uchoreni. Hiyo ndiyo tofauti ya mstari unaosema kweli na mstari wa mapambo.

Halafu ingieni ndani. Vega Gull ya kawaida ilikuwa na viti vinne. Ile iliyovuka Atlantiki ilijazwa matangi ya mafuta ndani ya chumba cha abiria, na rubani alilazimika kufungua koki ya tangi moja baada ya jingine gizani. Ukiweka viti vinne vizuri vyenye ngozi, umejenga teksi ya angani. Weka matangi. Kata mtu wa waya mwenye urefu wa sentimita 7, ambao ni mita 1.68 kwa skeli ya 1/24, mketishe pale mbele, uone kama mkono wake unafikia koki. Ukiona haufikii, rudi kwenye vipimo vyako, kuna kitu umekosea.

Rangi itawafundisha subira. Picha za wakati ule ni za nyeusi na nyeupe, na aina fulani za filamu za zamani zilifanya buluu ionekane nyeupe na njano ionekane nyeusi. Kwa hiyo usiitazame picha ukakisia. Beryl mwenyewe aliandika kitabu, West with the Night, kilichochapishwa 1942, na humo anaieleza ndege yake kuwa na mwili wa rangi ya feruzi na mabawa ya fedha. Sasa feruzi gani? Changanyeni buluu na kijani kidogo kidogo, pakeni vipande vya majaribio, viangalieni nje juani na ndani kivulini, bishaneni. Ubishi huo ni kazi halali. Watu wanaoheshimika katika fani hii duniani hubishana hivyo hivyo kila siku, na Airfix yenyewe ilipima kwa miali ya leza ndege halisi ya Defiant iliyohifadhiwa katika jumba la makumbusho la RAF kabla ya kuchonga modeli yake.

Mtasema vifaa ni ghali. Seti kubwa kutoka ng'ambo kweli ni ghali, na ushuru unaongeza. Lakini plastiki inayotumika kwenye seti hizo ni polistirini, na polistirini mnaitupa kila siku. Geuza kikombe cha maziwa lala au kijiko cha kutupa. Ukiona pembetatu yenye namba 6 ndani, hiyo ndiyo. Namba 5 iwekeni kando, kwa sababu gundi ya modeli haiishiki. Osheni, kateni pande zilizo bapa, zibandikeni safu juu ya safu mpate unene mnaoutaka. Gundi yake huyeyusha plastiki kidogo na kuunganisha vipande viwe kitu kimoja. Itumieni kwenye hewa ya wazi, chini ya uangalizi wa mwalimu au fundi, na isiachwe kamwe mikononi mwa watoto wadogo. Mji wetu wa Nakuru unajua vizuri gundi ikinuswa inavyoweza kuwaharibu watoto. Mkisaga kwa msasa, vaeni barakoa. Kisu kikali, rula ya chuma, msasa, tupa ndogo, kaliperi ikipatikana: hayo yote yako kwenye hadware za Nakuru.

Na michoro? Tafuteni michoro ya pande tatu, mbele, juu na ubavu. Mkikosa kipimo fulani, tumieni kile mnachokijua. Mabawa ni mita 12.04, kila kitu kingine kwenye mchoro kinapatikana kwa hesabu ya uwiano, ile ile mliyoifanya shuleni mkidhani haina kazi. Picha iliyopigwa karibu inadanganya, pua hunenepa na mkia husinyaa, basi chagueni iliyopigwa kwa mbali. Pimeni mara mbili, wawili tofauti, kila mmoja bila kuona namba ya mwenzake. Namba zikilingana, kateni.

Kuna atakayeuliza, na swali ni zito: kwa nini tujenge ndege ya binti wa mlowezi? Wamaasai walihamishwa kutoka Bonde la Ufa kwa mkataba wa 1904 ili mashamba kama yale ya Njoro yapatikane. Najibu kwamba usahihi unadai tuseme hayo pia. Andikeni kwenye kibao cha modeli: ardhi ilikuwa ya nani. Andikeni jina la Kibii, rafiki wa utotoni wa Beryl, ambaye baadaye aliitwa arap Ruta na akafanya kazi naye hata alipokuwa rubani. Majina ya watu kama yeye husahaulika wengine wanapoandika kibao. Andikeni na jina la Tom Campbell Black wa Wilson Airways, aliyemfundisha kuruka na aliyeshinda mbio za ndege za Uingereza hadi Australia mwaka 1934. Tukiiacha hadithi hii kwa wengine, wataisimulia kwa kadiri ya wanachokijua wao.

Na baada ya Vega Gull, jengeni Harvard. Hii sitaki muiogope. Kuanzia 1953 hadi 1955 Harvard za Jeshi la Anga la Uingereza ziliruka juu ya misitu ya Nyandarua, ile safu mnayoiona mkiwa Naivasha, zikiangusha mabomu ya ratili 20 kuwasaka wapiganaji wa Mau Mau. Lincoln za injini nne zikafuata na mabomu mazito zaidi. Modeli nyingi za Harvard duniani hujengwa kama ndege ya mazoezi, safi, ya manjano, tumbo tupu. Harvard ya msituni inahitaji mabomu chini ya mabawa. Yachongeni, yahesabuni, yawekeni mahali pake. Babu na nyanya zetu waliokuwa chini ya miti ile wanastahili kipimo hicho cha ukweli, na mjukuu anayechonga bomu dogo la plastiki kwa mikono yake ataelewa jambo ambalo kitabu cha historia kililipita kwa sentensi moja.

Kisha iko F-5E Tiger, iliyoanza kuwasili Kenya mwaka 1978 na ambayo tumezoea kuisikia ikipasua anga siku za sherehe za kitaifa. Kwa skeli ya 1/32 ina urefu wa sentimita 45. Seti zake za kigeni zipo, lakini stika za Kenya mtazitengeneza wenyewe. Tumieni picha zilizochapishwa magazetini na zile za maonyesho ya hadharani. Msiende kupiga picha kwenye kambi za jeshi, sheria hairuhusu.

Anzeni mkiwa wanne au watano. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na kazi hii ina nafasi kwa kila mkono: asiyejua kukata atasaga, asiye na subira ya msasa atatafuta picha, mwenye mwandiko mzuri atachora herufi VP-KCC kwa kalamu ngumu kwenye utepe wa karatasi na kuzikata kwa wembe. Walimu wa klabu za sayansi, mna maonyesho ya sayansi na uhandisi ya shule kila mwaka. Mradi huu una hesabu, una kemia ya plastiki, una historia. Wazazi mnaolalamika kwamba mtaala mpya unawatuma kutafuta vifaa, hivi hapa vifaa ambavyo mnavitupa.

Wala msikubali mtu aseme ni mchezo wa watoto. Watoto wetu tangu zamani wameunda magari ya waya yenye usukani unaogeuza magurudumu, na hakuna aliyewapa mchoro. Uwezo uko. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia: sasa pima. Mtoto aliyejifunza kutokubali milimita moja ya ziada kwenye bawa la plastiki atakuwa fundi wa meno, fundi wa injini, mhandisi wa daraja, muuguzi anayesoma kipimo cha sindano kwa makini.

Jumamosi hii tafuteni karatasi kubwa, iunganisheni kwa utepe, mchore mstari wa sentimita 50 na milimita 2, na mstari mwingine katikati yake unaouvuka kwa pembe mraba. Huo ndio uti wa mgongo wa kazi. Muanze kupanga vipande juu yake wiki hiyo hiyo, kabla ya hamu kupoa. Ikikamilika, ipelekeni kwenye maonyesho ya kilimo ya Nakuru, kwenye maktaba, kwenye ukumbi wa shule, popote penye watu. Kando yake wekeni rula na karatasi ya vipimo vya ndege halisi, na kila anayepita apime mwenyewe.