Jiko Lifungwe Saa Kumi na Mbili, Mbio Zianzie Nguzoni

Kama nguzo za umeme zimepita mtaani kwako, uwanja wa mazoezi unao. Kutoka nguzo ya kwanza hadi ya pili, kimbia kama unaiwahi daladala ya mwisho. Ya pili hadi ya tatu, tembea, vuta pumzi, futa jasho. Halafu tena! Wanariadha wa Iten, Kenya, hufanya zoezi la jamii hiyo kwenye barabara za vumbi. Wanaliita fatleki, na aliyeliasisi ni kocha Gösta Holmér wa Uswidi, miaka ya 1930. Wao wanasaka medali. Wewe unasaka kitambi, nacho hakina mbio za kukushinda.

Usiniambie huna muda. Mwaka 1996 Mjapani Izumi Tabata na wenzake walichapisha utafiti wa sekunde 20 za kujituma mpaka mwisho na sekunde 10 za kupumzika, mara saba au nane hivi. Dakika nne, basi. Baada ya wiki sita, pumzi za waliofuata ratiba hiyo ziliongezeka angalau kama za wenzao waliokanyaga baiskeli saa nzima kwa mwendo wa wastani. Lakini dakika nne hizo hazina soga wala simu mkononi, na anayeanza leo asizivamie. Aanze na nguzo zake taratibu.

Sasa tuingie jikoni, maana huko ndiko wengi wanakoangukia. Asubuhi mtu amekimbia vizuri, saa tatu usiku yuko kibandani na chipsi mayai na soda baridi, eti anajipongeza. Miguu imechoma, mdomo umerudisha na riba juu. Dawa yake ni kufunga kwa saa: kula kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, kisha jiko lifungwe. Usiku ni maji, au chai ya rangi isiyo na sukari. Akiba ya sukari iliyoko kwenye ini hupungua kadiri saa zinavyokwenda, na mwili unazidi kuyageukia mafuta.

Ila saa zenyewe hazina uchawi. Watu wa Pwani tunawajua waliofunga Ramadhani mwezi mzima, Idi inafika kanzu inabana. Saumu haina kosa. Waulize muhogo wa nazi, tambi na kaimati za futari, kisha daku juu yake. Hata utafiti uliofanyika Guangzhou, China, ukatoka mwaka 2022, ulikuta kwamba watu waliopunguza chakula na kukila ndani ya saa nane katika kupungua uzito hawakuwazidi kwa kiasi cha maana wenzao waliopunguza kiasi hicho hicho bila kubanwa na saa. Dirisha la saa za kula linakusaidia kwa sababu linafuta sahani za usiku. Ukizihamishia mchana, umefunga bure.

Ndiyo maana nasema viwili hivi viende pamoja. Ukifunga tu, misuli yaweza kuondoka pamoja na mafuta. Ukikimbia tu, njaa inakudai. Mjini Trondheim, Norwe, watafiti walichukua wanawake 131 wenye uzito uliozidi, wakawafuatilia wiki saba. Waliojumlisha kula ndani ya saa kumi na mazoezi makali ya vipindi mara tatu kwa wiki walipunguza mafuta, hata yale ya ndani ya tumbo, wakaongeza pumzi, na kipimo chao cha sukari ya muda mrefu kikashuka. Saa kumi za kula, jamani! Chai ya asubuhi na ugali wa mchana vyote vimo.

Mwenye kisukari anayetumia dawa, mwenye ugonjwa wa moyo au presha, mjamzito na anayenyonyesha, daktari kwanza. Hapo hakuna ushujaa.

Wengine, chagueni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Pasheni misuli dakika kumi, kimbieni nguzo sita wiki ya kwanza, nane wiki ya pili. Mkirudi, mayai, maharage au dagaa viwepo mezani, misuli ipate chake. Siku za mwanzo njaa ya usiku itabisha hodi. Kunywa maji, lala. Majirani watacheka ukihema pale nguzo ya tano. Wasalimie, endelea na ya sita. Na usiisubiri Jumatatu ijayo kuanza upande wa jikoni: leo hii, saa kumi na mbili jioni, osha sufuria, uvitoe viatu uvunguni.