Je, Dhiki ni Dalili ya Kuondokewa na Baraka?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Bwana Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo: katika darsa yetu uliulizwa swali ambalo twaona halifai kuishia barazani. Aliyeuliza ni ndugu yetu mmoja mwenye jamaa zake Kisumu. Alisema: "Jamaa zangu ni watu wa sala na saumu. Ziwa liliwaingilia nyumbani, likaangusha kuta na kufuta shamba. Jirani zao wakasema kuwa watu hawa wameondokewa na baraka. Je, maneno hayo ni kweli? Na ikiwa si kweli, baraka yenyewe ni kitu gani, hata mtu mwenye maji ya magoti chumbani mwake aweze kuitumaini?"

Swali hili si la mtu mmoja. Wengi wetu twaliulizana moyoni pindi biashara ianguapo au mtoto auguapo. Kwa hiyo tumeonelea tulijibu kwa kadiri ya ufahamu wetu, na ajuaye zaidi ni Mwenyezi Mungu.

Kwanza yatupasa kuwaeleza ndugu zetu wa Pwani lililotokea huko. Sisi tuliolelewa kando ya bahari twajua maji kujaa na kupwa. Yakijaa asubuhi, alasiri tutauona mchanga. Ziwa la Viktoria halipwi hivyo. Lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Mto Nile kule Jinja, na sehemu kubwa ya maji yake ni mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe. Mvua zilipozidi tangu Oktoba 2019, ziwa lilipanda kutoka mita 12 katika kipimo cha Jinja hata mita 13.32 mwisho wa Aprili 2020, na katika Mei likafika mita 13.42, likaipita alama ya mwaka 1964 iliyokuwa haijapitwa. Maji yakaingia majumbani na mashambani, tangu Dunga na bonde la Nyando hata Budalang'i na Homa Bay. Nayo hayakuondoka baada ya saa sita kama maji ya bahari. Yalikaa kwa miezi mingi.

Tukumbuke pia kuwa haya yalifika katika Ramadhani ya mwaka 1441. Maradhi ya korona yalikuwa yamekwisha ingia nchini, misikiti imefungwa tangu Machi, na kuanzia tarehe 27 ya mwezi huo watu wamekatazwa kutoka majumbani tangu saa moja ya usiku hata saa kumi na moja ya alfajiri. Kisumu jua huchwa zikiwa zimesalia kama dakika ishirini tu kufikia saa hiyo. Mtu aliftari, akasali Magharibi, na mlango ukawa umefungwa. Hapakuwa na Isha ya jamaa wala tarawehe. Basi mtu alikosa msikiti wake na nyumba yake katika mwezi mmoja, na mwezi wenyewe ndio bora ya miezi.

Katika dhiki kama hiyo, watu husema maneno ya namna tatu.

Wa kwanza husema: "Hii ni adhabu, waliopatwa wana dhambi zao." Twasema kuwa huku ni kudai elimu ya ghaibu. Siku aliyofariki Ibrahim, mwana mdogo wa Bwana Mtume (S.A.W.), katika mwaka 632, jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba wake. Lau Mtume angalikuwa mtu wa kupenda kutukuzwa, maneno hayo yangalimfaa. Lakini yeye, ilhali moyo wake una huzuni ya mzazi, aliwakataza, akawafunza kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Ikiwa Mtume mwenyewe hakukubali jua lifasiriwe kwa msiba wa nyumba yake, sisi ni nani hata tulifasiri ziwa kwa dhambi za jirani?

Na tutazame tena. Ikiwa kupatwa na dhiki ni kuondokewa na baraka, tutasemaje juu ya Nabii Ayubu katika maradhi yake, na Nabii Yusufu gerezani? Tutasemaje juu ya mwaka ule aliofiwa Bwana Mtume na Bi Khadija na ami yake Abu Talib, kisha akaenda Taif akapigwa mawe? Hapana Mwislamu awezaye kusema kuwa mwaka ule Mtume alikuwa hana baraka. Basi kipimo hicho ni kibovu, na kipimo kibovu hakifai kupimia watu wengine pia.

Hatusemi kuwa binadamu hana makosa. Qur'ani yatufunza katika Sura ya Rum kuwa uharibifu huonekana bara na baharini kwa yaliyochumwa na mikono ya watu. Lakini wengi wetu tukisikia hayo hufikiri ulevi na zina tu. Kukata miti ya milimani hata udongo ukachukuliwa na Mto Nyando mpaka ziwani, nako ni kazi ya mikono. Kung'oa mafunjo yanayozuia maji, na kujaza taka katika mifereji ya mji, nako ni kazi ya mikono. Na mara nyingi akataye miti juu na afurikiwaye chini si mtu mmoja. Kumnyoshea kidole aliyefurikiwa na kumwambia "dhambi yako hii" ni kumdhulumu mara mbili.

Wa pili hukimbilia hirizi, makombe na makafara, kana kwamba ziwa lina mwenyewe asiyekuwa Mwenyezi Mungu, anayetaka kuridhishwa kwa mbuzi. Kwa hao hatutarefusha maneno. Aliyeliumba ziwa ndiye aombwaye, wala haombwi kwa kupitia kwa mtu auzaye makaratasi. Mnyonge aliyekwisha poteza nyumba asipotezewe na shilingi zake za mwisho.

Wa tatu husema: "Sisi tumetawakali," kisha wakakaa. Hawa wana neno zuri, lakini wameliweka mahali sipo. Bedui alipomwuliza Bwana Mtume juu ya ngamia wake, alifunzwa amfunge kwanza, kisha atawakali. Na Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kuwa kuna tauni, alirudi na watu wake, na alipolaumiwa kuwa anakimbia kadari ya Mungu, alieleza kuwa anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Waliosema mwaka 2020 kuwa kufunga misikiti ni upungufu wa imani walisahau kisa hiki. Huko Kendu Bay, katika ufuo huo huo wa ziwa, uko msikiti wa zamani uitwao Tawakal. Hatudhani kuwa walioujenga waliandika jina hilo kisha wakakaa wakingoja kuta ziinuke zenyewe. Walichukua mawe. Kutawakali ni moyo kumtegemea Mwenyezi Mungu huku mikono ikiwa kazini.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe: baraka ni nini?

Desturi yetu ni kumwona mtu mwenye duka kubwa na motokaa mbili tukasema, "Bwana yule ana baraka." Yamkini anayo, yamkini hana. Tulitazame neno lenyewe. Wanavyuoni wa lugha ya Kiarabu hulirudisha neno baraka kwenye asili moja na neno la ngamia kupiga magoti akakaa imara mahali pake, na neno birka, yaani mahali ambapo maji hukusanyika yakatulia. Nasi twalijua neno hilo, kwani misikiti yetu ya zamani hapa Pwani ina birika za kutilia udhu. Basi baraka ni kheri kukaa na kuthubutu ndani ya kitu. Si wingi wa kitu.

Mvua ikinyesha usiku kucha juu ya mwamba, asubuhi hukuta mwamba mkavu. Ikinyesha kidogo penye birika, watu wa mtaa mzima hutawadha. Wako watu ambao mali huwapitia kama mvua juu ya mwamba: walipata, wakala, wakagombana, na hapana lililobaki. Na wako ambao kidogo chao kilikaa, kikawa sala, kikawa elimu ya watoto, kikawa sahani moja iliyovuka ua kwenda kwa jirani. Ufukara haufukuzi baraka kama hiyo, wala utajiri hauileti peke yake.

Kwa kipimo hiki tuitazame tena Ramadhani ile. Misikiti ilipofungwa, wanaume wengi waliona haya mbele ya watoto wao. Walikuwa wamesali tarawehe miaka thelathini nyuma ya imamu, na sasa walitakiwa wasalishe majumbani mwao, nao hawana ila sura mbili tatu fupi, na hizo pia hawazisomi sawasawa. Hatusemi haya kwa kuwacheka wengine. Wamo katika sisi yaliowapata. Dhiki ilitufunulia kuwa imani yetu ilikuwa imeegemea ukuta. Basi wako waliojifunza. Baba alikaa na binti yake aliyesoma chuoni, akamsahihishia Alhamdu na kumfundisha sura mpya. Na mama aliyekuwa hapati nafasi ya kwenda msikitini akasali tarawehe ya jamaa, nyumbani mwake, usiku baada ya usiku. Hiyo ni kheri iliyokaa. Waliofurikiwa hata nyumba hawakuwa nayo ya kusalia. Lakini nao walisali katika madarasa ya skuli walikohamia, na wakagawana futari na watu wasiokuwa wa dini yao.

Hapa yatupasa tuseme kweli. Dhiki peke yake haikuzi imani. Wako walioongezeka, na wako waliovunjika, wakaacha sala na wasirudi. Lililowatenga hawa na hao mara nyingi lilikuwa ni kuwako kwa mtu wa kuwashika mkono. Kwa hiyo twamwonya kila mwenye kushiba asifanye mchezo na neno subira. Subira ni ibada ya aliyepatwa. Haiwi sadaka ya yule ambaye hakupatwa. Kumwendea mtu aliyelala juu ya meza ya skuli na watoto watano, ukamwambia "subiri ndugu yangu" kisha ukageuka kwenda zako, ni kujilipia deni kwa fedha ya mwenzio.

Sayyidna Umar, katika mwaka wa 18 wa Hijra, njaa kubwa ilipoishika Bara Arabu, aliomba mvua pamoja na watu, na wakati huo huo aliwaandikia maliwali wake walete chakula. Naye akajizuilia samli na nyama mpaka watu watakapopata, hata imepokewa kuwa rangi yake iligeuka. Hakuwahubiria watu subira kutoka mezani. Aliomba, akatenda, na akashiriki. Mambo haya matatu ndiyo ukamilifu wa kutawakali, na likikosekana moja, hayo mawili hubaki kilema.

Basi jawabu letu kwa ndugu yetu ni hili. Jamaa zako hawakuondokewa na baraka kwa kuwa ziwa liliingia nyumbani mwao. Wale jirani waliosema maneno yale, ndio wanaopaswa kuihofia baraka yao. Kwani walipewa nyumba kavu na ulimi, wakautumia ulimi na kuifunga nyumba. Nasi wa mbali tujiulize kama zaka zetu zavuka mto, na kama twawakumbuka watu wa ziwani isipokuwa tunapotaka samaki. Maji yamekwisha kupanda kabla ya leo, katika miaka ya 1961 hata 1964, na yalipanda tena mwaka 2024. Yatapanda tena. Tusingoje mpaka siku hiyo ndipo tuanze kutafuta ni nani mwenye dhambi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape faraja waliopatwa, aithubutishe imani katika nyoyo zetu wakati wa raha na wakati wa shida, na atujaalie tuwe birika za kheri yake, wala tusiwe mwamba. Amin.