Siri ya mzee aliyesahau ni ya nani?

Baada ya swala ya Ijumaa hapa Kibaha, mtu mmoja alinivuta pembeni akaniuliza: “Ukikuta dawa ambazo mzazi hakukwambia kuwa anazitumia, na mwenyewe hakumbuki tena kama amezimeza, ufanyeje?” Mzazi huyo yuko Kisarawe. Sikuuliza ni mzazi wa nani. Alimalizia mwenyewe: ni dawa za kurefusha maisha.

Tangu Serikali ilipoanza kutoa dawa hizo bure mwaka 2004, wengi tuliodhani watakufa wameishi, Alhamdulillah, na sasa ni wazee. Lakini virusi vya UKIMWI huingia hadi kwenye ubongo, na dawa, ingawa huvidhibiti, hazizuii kila madhara. Ukiongeza shinikizo la damu, kisukari na umri wenyewe, kumbukumbu hupungua. Nazo dawa hizi humezwa kila siku, maisha yote. Akizisahau, virusi hupata nguvu upya.

Hapo ndipo penye mtihani. Siri ni amana, na Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya mpimwaji. Je, mwenye siri akipoteza kumbukumbu, amana hiyo iko kwa nani?

Wapo watakaosema mtoto anyamaze, asimvunjie mzazi heshima. Mimi naona heshima inayomkosesha mzazi dawa si heshima. Mtoto ajue, asimamie dawa, na aishie hapo. Kujua ili uhudumie si sawa na kujua ili usimulie.

Wala tusimlaumu mzazi kwa kuficha. Alituona tulivyokuwa tukiwasema wagonjwa vibarazani, hata misibani.

Wazee wenzangu, tunausia mikorosho na nyumba. Tuusie na hili tukingali na akili timamu: kila mmoja amchague mtu mmoja amwaminiye, amwambie. Nanyi vijana, mzee akianza kusahau msikimbilie kusema ni uzee au karogwa. Mpelekeni hospitali, kwani baadhi ya sababu za usahaulifu hutibika.

Yule bwana nilimjibu: nenda Kisarawe kesho. Usimuulize aliupata wapi. Mchukue yeye na dawa zake, mwende kliniki.